Jicho la Upepo

Siku niliyomsikia mume wangu akimwambia Chanelle "jicho la upepo", sufuria ya maharage nusura inidondoke. Miaka yote ya ndoa yetu ameniita Saliha, ameniita Mama Kudra, na akishikwa na njaa ameniita "we!" Jicho la upepo hajaniita hata siku moja.

Rachid anafundisha Kiingereza hapa mtaani kwetu Bwiza, na anaandika kitabu kuhusu maneno ya Kiingereza yalikotoka. Chanelle, mwalimu mwenzake kutoka mtaa wa Gihosha, huja kumsaidia kila alasiri. Manukato yake huingia kabla yake, na yeye akishaondoka hubaki. Nina wivu? Ninao, tena wa kutosha mtaa mzima.

Nikaingia sebuleni. "Jicho ya upepo ni nani?"

Wakacheka wote wawili, na kule kucheka pamoja ndiko kulikoniuma.

"Ni *window*, bibi yangu," Rachid akasema. "Dirisha. Watu wa kaskazini waliivamia Uingereza zamani, maneno yao yakabaki pale. *Vind* ni upepo, *auga* ni jicho."

Dirisha letu lilikuwa limezibwa kwa godoro, maana waasi walikuwa wameingia Kinama, mtaa usio mbali na wetu, na risasi hazipigi hodi. Jicho gani hilo?

Wiki ileile akaniambia anakwenda Nairobi na Chanelle, kwenye maktaba kubwa. Miezi kadhaa, pengine zaidi. Mimi na Kudra tubaki na godoro letu.

Asubuhi ya safari Chanelle alisimama mlangoni na valizi nyekundu. Sikulia, ng'o! Nikamuuliza Rachid mbele yake: "Na ile neno *husband*, mume, inatoka wapi?"

Mwalimu ukimuuliza swali hawezi kujizuia. Macho yakamng'aa. "Kwa wale wale watu! *Hus* ni nyumba. *Bondi* ni mutu mwenye kukaa. Kwa hiyo ni mwenye kukaa mu…"

Upande wa Kinama mizinga ikalia, Kudra akaning'ang'ania kitenge.

"Maliza," nikasema.

"Mwenye kukaa mu nyumba."

"Basi kaa."

Chanelle akamngoja kidogo, kisha akanyanyua valizi yake akaenda peke yake.

Rachid amekaa. Ananuna, lakini amekaa. Jana, akiwa ameegemea godoro la dirishani, aliniuliza kama najua neno wivu linatoka wapi.

"Gihosha," nikamjibu, nikampakulia maharage.