Watoto wa Watu Hawahesabiwi

Mlango wa nne asubuhi ile ulikuwa wa Kanze, na Mramba alipiga hodi huku akijua kwamba humo hamtatoka habari njema. Kila Jumamosi aliupita mtaa wa Magogoni nyumba kwa nyumba kukusanya mambo: nani kajifungua, nani kafiwa, kisima gani kimeingia chumvi. Kazi yake hasa ilikuwa kuezeka makuti, ila kwa kuwa alijua kusoma, watu walimchagua awe mjumbe wao mbele ya serikali. Alasiri angesimama nje ya kanisa awasomee yote aliyoyakusanya, pamoja na majibu ya wakubwa. Majibu hayo, tuseme kweli, yalikuwa haba kuliko mvua za mwaka ule wa arubaini na tatu.

Kanze alikuwa akichemsha maembe machanga yaliyopukutika kwa kiu ya mti. Watoto wake wamekaa kuuzunguka moto, hawachezi, hawagombani. Macho ya Mramba yakawapitia, watano, kisha yakaruka upesi kama ya mtu aliyemfuma mwenzake akioga.

"Karibu, Baba Masha," alisema Kanze. "Posho ya watoto niliyopimiwa ni ya vinywa vitatu."

"Najua, mama."

"Nami wanangu si watatu."

Hakusema ni wangapi. Mramba naye hakuuliza, maana kuuliza ndiko kulikowaponza.

Wiki sita zilizopita aliletewa karatasi aandike watu wa kila nyumba ili wapewe kadi za posho. Akapita na kalamu yake. Kila mama akamjibu vile mama zake walivyojibu tangu wazee walipoishi Kaya msituni: "Aa, tupo tupo. Wawili watatu." Nazi huhesabiwa, mbuzi huhesabiwa, lakini watoto wa watu hawahesabiwi, maana anayewahesabu anawaonyesha njia ya kuondoka. Mramba alilelewa akijua hivyo. Kumbana mtu atamke idadi ya wanawe ingekuwa ni kumtukana. Basi akaandika alichoambiwa: wawili, watatu. Hata wanawe mwenyewe, sita, aliwaandika wawili, kwa kuwa mkewe Sidi alikuwa amesimama nyuma yake. Serikali ikajumlisha, ikapata watu mia moja na kumi, ikaleta mahindi ya watu mia moja na kumi.

Tangu hapo, kila alipopanda paa la mtu kushona kuti lililochakaa, alizitazama nyua zote kutoka juu na kuwahesabu watu kimoyomoyo, kwa siri, kama mwizi. Mia mbili na wanne. Aliona aibu kuijua hesabu hiyo, na aibu kubwa zaidi kwamba hakuijua mapema.

Saa tatu alikuwa anavuka daraja la Nyali kwenda kisiwani, ofisi ya kadi, kuomba posho iongezwe. Daraja lile lilielea juu ya maji, likipumua chini ya nyayo, na Mramba, ambaye tangu jana alikuwa hajatia kitu tumboni ila chai ya mkandaa isiyo na maziwa, akajiona naye anapumua nalo. Harufu ya sima ilimjia kutoka upande usio na nyumba wala jiko. Akasimama kuinusa. Pembeni, kwenye matope ya mikoko, akaona watoto wengi wamekaa wametulia, migongo imemgeukia, akawatambua mmoja mmoja kwa visogo. Alipopepesa macho walikuwa ni mizizi tu. Akaendelea kwenda, na ile harufu ikamfuata mpaka ng'ambo.

Karani wa kadi aliitwa Musyoka, kijana wa bara, shati jeupe, wino vidoleni. Alimsimamisha dirishani hadi jua likamfika utosini.

"Mzee, mimi nasikia mbaya hapa," alisema hatimaye. "Mwezi wa pili watu mia na kumi. Leo mia mbili na nne. Hao wengine mmewazaa kwa wiki sita?"

"Walikuwapo, bwana karani. Makosa ni yangu. Kwetu watoto hawatajwi kwa hesabu."

"Hawatajwi, lakini wanakula."

Neno lile lilimchoma Mramba kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mzee," Musyoka akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, kwani hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye kazi. "Bwana Mkubwa atasema mnauza mahindi kwa magendo. Kuongeza hakuna mpaka mwezi wa saba. Tena umeniletea namba tupu. Majina yao yako wapi?"

"Mpaka mwezi wa saba ni miezi mitatu. Kuna watoto wamevimba miguu."

"Kuongeza hakuna. Kupunguza ndio kupo, kila siku." Akatoa karatasi yenye mistari na kuisukuma dirishani. Juu yake palipigwa chapa: WALIOFARIKI. "Akifa mtu, andika jina lake hapa, ulete na kadi."

Mramba aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Baadaye hakukumbuka kuvuka daraja. Alijikuta tu Magogoni, mbele ya kanisa, watu wamekwisha kusanyika, na sauti yake mwenyewe inasoma.

Arusi ya binti Mwanasaumu imesogezwa mbele mpaka patakapopatikana mchele. Punda wa Faki ameonekana Bombolulu, akiwa mzima, na mwenyewe aende na kamba. Kisima cha chini kimeingia chumvi, wenye watoto wadogo wateke cha juu. Watu waliitikia kila habari kwa "eeh" ya taratibu, iliyovutwa, na kwa kitambo Mramba alitamani habari zisiishe, ajikalie humo ndani ya sauti zao hadi masika.

"Na posho?" aliuliza Kanze.

Akawaambia yote. Hakujificha. "Mliniambia wawili watatu, nikaandika wawili watatu. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Nisameheni. Wamekataa kuongeza. Wamenipa karatasi ya maiti."

Kanze akasogea mbele, mtoto mgongoni, akasimama alipokuwa amesimama mjumbe.

"Andika," alisema. "Wanangu ni watano."

Watu waliguta. Bibi mmoja alijitemea mate kifuani kukinga shari. Kanze akawataja kwa majina, wa kwanza hadi wa tano, na kila jina lilimtoka kama anang'oa jino.

Mramba akaikunjua ile karatasi, ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akapiga mstari juu ya neno WALIOFARIKI na kuandika chini yake: WALIO HAI. Akina mama wakapanga foleni. Hakuna aliyewaamuru. Walitamka idadi wakitazama chini, wengine wakimnong'oneza sikioni.

Sidi alikuja katikati ya foleni, kama mgeni.

"Baba Masha," alisema polepole, "unajua unachofanya? Akifa mmoja sasa, watasema amekufa kwa kuhesabiwa. Hawatasema njaa. Watasema ni wewe. Na wale waliotunyima hawatatajwa kamwe."

"Najua, mke wangu."

"Nitakuwa wa kwanza kusema."

"Sema."

Alimtazama sana. Machozi yalimjaa, hakuyafuta. Kisha akawataja watoto wao sita, akianza na Masha na kumalizia na Kafedha anyonyaye, na mumewe akaandika kila mmoja kwa herufi za shule, polepole, kana kwamba hakuwahi kuyasikia majina hayo.

Jina la Kafedha likaumaliza mstari wa mwisho. Mramba akaigeuza karatasi, nao mgongo wake akaujaza. Bado walisimama akina mama zaidi ya kumi, na Mramba alijua kwamba Musyoka Jumatatu atasema haya hayapokewi, hii ni fomu ya vifo.

Akaenda kwenye jiko la mwalimu wa kanisa, akarudi na makaa yaliyozimika. Ukuta wa kanisa unaotazama barabara wanayopitia wakubwa ulikuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya Pasaka, mweupe pe.

"Mama, watoto wako?" alimwuliza aliyefuata.

"Wanne," yule mama akasema, na safari hii hakunong'ona.

Mramba akanyanyua mkono na kuanza kuandika. Ukuta ulikuwa mpana, na mvua zilikuwa bado hazijanyesha.