Mipangilio ya Mkono wa Kushoto

Usiku wa kuamkia leo niliota toleo jipya la programu ya picha limekuja nyumbani kwangu kwa miguu. Lilipiga hodi kama mtu aliyefunzwa adabu, nikalikaribisha. Lilikuwa bado limefungwa nailoni, kama godoro la dukani, na kila lilipogeuka nailoni ililia.

"Nimekuja kuingia," likasema. "Yule wa zamani yuko wapi?"

"Yuko studio."

"Anajua?"

"Ameshaambiwa."

Ni kweli alikuwa ameshaambiwa. Jana jioni Tunu, mdogo wa marehemu mke wangu, alikuja studio na waya zake. Yeye ndiye fundi wetu wa kompyuta. Programu tunayosafishia picha ina miaka kumi na moja, na siku hizi inaganda mteja akiwa bado amekaa kitini. Tunu akaanza kuingiza toleo jipya, mtandao ukawa mzito, akasema tuliache lijiingize lenyewe mpaka asubuhi. Kisha akachukua daftari, akaandika kila kitu ambacho dada yake alikiweka ndani ya ile ya zamani, kimoja kimoja, kwa kalamu.

"Shemeji, sikufichi," akasema. "Haya matoleo mapya yana kiburi. Likiingia linaweza kufagia vyote. Ukikuta mipangilio ya dada haipo, usinilaumu."

"Sawa," nikasema. Mimi husema sawa.

Mke wangu aliitwa Mwajabu, na alikuwa wa mkono wa kushoto. Ndani ya programu ile alihamisha kila kitu kikae upande uliomfaa yeye, ili mausi ishikwe kwa kushoto na vitufe vibonyezwe kwa kulia. Tangu afariki, mwezi wa tatu, naitumia hivyo hivyo. Mimi ni wa mkono wa kulia. Jioni kiwiko kinauma.

Toleo jipya linakaa kwenye kochi. Linaniuliza kama nataka mipangilio ya zamani ihame. Majibu yaliyopo ni matatu: Ndiyo, Hapana, Baadaye.

"Ndiyo," nasema.

"Mwenyewe aje aweke saini."

"Mwenyewe amefariki."

Linatazama karatasi yake. "Amefariki halimo. Kuna Ndiyo, Hapana na Baadaye."

"Baadaye."

Linaniuliza tena papo hapo. Nasema Baadaye. Linaniuliza tena. Mara ya nne linaniambia Baadaye zimekwisha, hazijaletwa nyingine.

Kochi limekuwa dawati. Tuko darasa la pili, katika shule aliyosoma Mwajabu, ambayo mimi sijawahi kufika. Nilijua ni yenyewe kwa dirisha lililozibwa kwa bati, maana alishanisimulia. Toleo jipya limesimama ubaoni na rula ya mbao. Kwenye madawati vimekaa vitu vyote ambavyo Mwajabu aliviweka kwenye programu, vitatu vitatu, vimenyoosha migongo.

"Kila kimoja kisimame kitaje kazi yake," likasema.

Brashi ya kwanza ikasimama. "Mimi naondoa chunusi. Za wanafunzi tu. Za watu wazima aliniambia niziache, ni mali yao."

"Mimi ni rangi ya ngozi," ikasema nyingine. "Nilikotengenezwa walinitoa nikiwa mweupe kama sembe. Alinikalisha siku nzima mbele ya picha ya mama yake mpaka nikakaa sawa."

"Mimi ni suti," likasema koti jeusi lisilo na mtu ndani. "Wanavalishwa waliofariki bila kupiga picha ya heshima. Mpaka sasa hakuna aliyenirudisha mchafu."

Kikafuata kitufe cha kurudi nyuma. Kilisema mtu akikosea anakibonyeza, nacho kinaondoa alichofanya. Nikanyoosha kidole kuuliza.

"Unarudi nyuma kiasi gani?"

"Hatua ishirini. Kompyuta yenu ina kumbukumbu ndogo, ndivyo alivyonipangia."

"Mwezi wa tatu ni hatua ngapi?"

Kikafikiri kwa uaminifu. "Hatua ishirini ni kama dakika sita. Dakika sita zilizopita ulikuwa umelala."

"Sawa," nikasema. Nikakaa.

Kwenye dawati la mwisho ilikuwepo brashi moja tu, imejikunyata.

"Na wewe?"

"Sina jina, na kazi yangu siijui," ikasema. "Alinichora Jumatano asubuhi. Akashika kichwa, akasema 'nakuja', akatoka. Namsubiri."

Hilo neno na mimi nililisikia. Nilikuwa nyuma ya pazia nampanga mteja wa pasipoti, namwambia ainue kidevu. Nikajibu sawa bila kugeuka. Alikwenda hospitali kwa miguu yake.

"Kisicho na jina hakihami," likasema toleo jipya. "Na kimoja kikibaki, vyote vinabaki. Ndiyo kanuni."

"Nikiipa jina mimi?"

"Jina anatoa mwenye mipangilio. Mwenye mipangilio ni wa mkono wa kushoto. Wewe ni wa mkono upi?"

"Wa kulia huyo!" ikasema sauti kutoka mlangoni. Ni shangazi yangu Bi Kiza, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, ingawa jana alikuwa Handeni. "Nimemlea mwenyewe. Kwetu hakuna mashoto."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usinitie aibu mbele ya mgeni."

Wiki ya harusi yetu Mwajabu alinipa chai mbele ya ndugu, na kikombe kilikuja kwa mkono wa kushoto. Bi Kiza akauliza ni mke gani anampa mume kikombe kwa mkono wa chooni. Wakacheka. Mwajabu akanitazama mimi. Nikamwambia, "Badilisha mkono." Akabadilisha. Tangu siku ile kila kikombe nyumbani kilikuja kwa kulia. Ndani ya kompyuta hakuna shangazi aliyekuwa akichungulia, na humo ndimo alimoweka ushoto wake wote.

Toleo jipya linaninyooshea chaki. Nanyoosha mkono wa kushoto.

Rula inashuka vidoleni.

"Huo haupokei kitu," linasema.

Iliuma, lakini kwa mbali, kama inamuuma mtu wa chumba cha pili. Sikuuondoa.

"Wewe mtoto!" anasema Bi Kiza. "Umerogwa?"

"Hapana, shangazi. Ndio mkono unaotakiwa."

"Na yule mkeo, kafa kakuachia mkono wake?"

"Amenikopesha tu."

Bi Kiza anapeperusha mchele. "Basi kunja mkono wa shati, usiuchafue," anasema.

Rula ikashuka tena, na tena. Mara ya nne toleo jipya likaniambia viboko vimekwisha, havijaletwa vingine. Likanipa chaki.

"Haikufai hii mipangilio," likasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeshauri jirani. "Nikikupa ya kwangu utafanya kazi upesi. Kiwiko kitapona."

"Najua."

"Sasa?"

"Kiache kiume."

Nikaandika ubaoni NAKUJA. Herufi ziliegemeana kama watoto waliochoka kusimama mstarini, na J iligeukia upande usio wake.

"Hiyo J imegeuka."

"Ndivyo alivyokuwa akiiandika," nikasema, ingawa sikuwa na hakika.

Brashi ile ikajisoma ubaoni, ikatikisa kichwa kukubali, ikasimama. Toleo jipya likavua nailoni, likaikunja vizuri, likampa Bi Kiza afunikie mchele. Vitu vyote vikajipanga, suti mbele, vikaanza kutoka kupitia dirisha lile la bati bila kuligusa.

Simu ikaniamsha saa moja na nusu asubuhi. Jua lilishafika mguuni mwa kitanda. Alikuwa Tunu, anapiga kutoka studio.

"Shemeji, umelala bado? Vimehama! Vyote, na upande ule ule wa kushoto. Nimekaa naangalia tu."

"Alhamdulillahi."

"Ila nakuuliza. Ile brashi ya mwisho, jana kwenye daftari nimeandika 'haina jina'. Ninalo hapa mkononi. Leo ina jina. Ulirudi studio?"

"Funguo unazo wewe."

"Ndiyo, ninazo mimi. Sasa nani?"

"Imeandikwaje?"

"Nakuja."

Nikamwambia asiibadilishe. Akasema hawezi kuigusa, shemeji, hata kwa dawa, na akaniomba nikitoka nimletee chapati mbili. Nikasema sawa.

Alipokata ndipo nilipoona kuwa simu nilikuwa nimeipokea kwa mkono wa kushoto, na ncha za vidole zilikuwa nyeupe kwa chaki.