Kilima Kwenye Skrini

Mama Pacha alikuwa na ugonjwa mmoja: alikipenda mno chombo alichokijenga maabarani. Na hakikuwa haba! Leza ilipiga kipande cha madini ndani ya kisanduku cha shaba chenye baridi kali. Molekuli zikaruka, zikapoa, zikatoka tunduni kwa adabu, mkondo wa taratibu. Zinazokimbia hazipimiki vizuri. Hizi za taratibu zingewasaidia wapimaji kujua kama elektroni ni ya mviringo kamili.

Wapimaji hao walikuwa wanakuja asubuhi hiyo kuchagua chombo. Wakikataa hiki, Mkuu wa maabara alishasema kitafunguliwa kiwe vipuri.

Kila leza ilipopiga, kilima kirefu, alama ya molekuli, kilichomoza kwenye skrini.

"Umeshafunga kilango?" aliuliza Spana, fundi mwenzake. Kilango kilizuia molekuli zisifike kwenye jicho la kupimia. Kikifungwa, kilima lazima kife.

"Acha uchuro, kaka."

"Uchuro? Unakikwepa kama mtoto anayekwepa sindano!"

Ilikuwa kweli, ikamchoma. Akakifunga. Leza ikapiga. Kilima kikapungua unywele tu.

"Mungu wangu!" Mwanga wa leza ulikuwa unavuja hadi kwenye jicho. Alipouondoa kwa hesabu, molekuli zikabaki kituta kidogo, cha kukodolea macho ndipo ukione.

Mkuu akanong'ona, "Wageni wako mlangoni. Funika kombe mwanaharamu apite."

Alitamani, jamani, alitamani sana! Lakini wale watu wangemaliza miaka wakipima mwanga wakidhani ni molekuli. Akawaonyesha vyote, kilima cha uongo na kituta cha kweli.

Kiongozi wao, bibi mwenye miwani, aliinama kwenye skrini. "Hiki kidogo ni molekuli kweli?"

"Ndiyo, mama. Nikifunga kilango, kinakufa."

"Umefanya vizuri kusema. Ila ni kidogo mno, mwanangu."

Wakachagua chombo cha kwingine. Mkuu aliwasindikiza, akarudi, akapita bila kumtazama.

Spana akaanza kulegeza boliti za meza. Mama Pacha akamshika mkono. "Subiri. Sijawahi kukiona kituta chetu nikiwa na uhakika."

Leza ikapiga. Hesabu ikaondoa mwanga, na kituta kikachomoza, kidogo, chembamba, cha kwao. Spana akavua kofia. Mama Pacha akalia waziwazi, kisha akazima mtambo wa baridi kwa mkono wake mwenyewe.