Mzee Masunga wa Tatu

Katika ukumbi wa parokia yetu hapa Masumbwe kuna ng'ombe mmoja ambaye watu wazima wote wamemwona, ingawa hajawahi kuwapo. Yumo kwenye mchezo wa kuchekesha uitwao *Zizi la Mzee Masunga*, alioutunga katekista mmoja ambaye sasa ni marehemu. Mzee Masunga ana binti. Mchumba anaingia akivuta kamba isiyo na kitu, mzee anamkagua ng'ombe wa posa, anamtafutia kasoro, anakataa. Mchezo mzima umeegemea kamba ile tupu.

Mzee Maganga ndiye aliyekuwa Masunga wa kwanza, kabla sijazaliwa. Onesmo alifuata, nami nikiwa darasa la tatu, nimeketi sakafuni mbele kabisa. Mwaka huu parokia inaadhimisha jubilei, na Baba Paroko aliniambia kwamba kwa kuwa nimesomea sanaa za maonyesho chuo kikuu na kazi bado naitafuta, niurudishe mchezo ule jukwaani. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nilianza kwa Mama Luka, anayeuza vitumbua nje ya ukumbi. Yeye aliwaona wote wawili.

"Maganga alitambaa," alisema, huku akigeuza vitumbua. "Alipiga magoti, akaingia chini ya ng'ombe, akanusa kwato moja moja. Marehemu mume wangu alicheka mpaka akatolewa nje."

"Na Onesmo?"

"Onesmo hakufanya kitu. Alisimama tu. Akamtazama ng'ombe, akamtazama, mpaka tukaanza kuona aibu sisi. Halafu akasema, 'Anakohoa.' Basi! Watu wakaanguka."

"Sasa nani alimzidi mwenzake?"

"Eufrasia, mayu, mama wee, unataka kuvunja ndoa za watu?"

Nilielewa. Huku kwetu tumezoea ngoma mbili kuchezwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji huhamia kwa mwenye kuwapendeza zaidi. Masunga hawa wawili hawakuwahi kusimama uwanja mmoja, ndiyo maana ubishi juu yao haujaisha mpaka leo, hata kati ya mke na mume.

Nafasi ya Masunga nilimpa Denis, kijana wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ana sauti iliyozoea kushindana na mashine, na siku ya majaribio alimfanya Baba Paroko afute machozi ya kicheko kwa kanzu. Ila juma lililofuata alikuja kwangu amenyong'onyea.

"Dada Eufrasia, nitafutie mtu mwingine."

"Kuna nini tena?"

Alikohoa kwanza, maana vumbi la karasha halimwachi. "Nimemtuma mshenga wangu Boaz kwa Mzee Maganga, kumposa binti yake Suzana. Unajua mzee amejibu nini? Eti atatoa jibu akishaniona jukwaani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nikitambaa, namwigiza mkwe wangu mbele za watu. Mkwe hafanyiwi hivyo, unajua. Nikisimama kama Onesmo, nimemchagua mshindani wake. Huku shimo, huku shimo."

"Si ungemuuliza mwenyewe anapenda nini?"

"Mimi? Niende kwake kupiga soga kabla posa haijajibiwa?" Alinitazama kama mtu aliyerudi kutoka ng'ambo. "Nenda wewe. Wewe ni msomi, husemwi."

Nilikwenda, na si kwa ajili yake tu. Tangu nilipokuwa sakafuni pale ukumbini nilitamani kujua inakuwaje watu wawili waseme maneno yale yale, kicheko kitokee mahali tofauti.

Onesmo nilimkuta Kahama, ana duka la mchele. Alikuwa anachota punje kwenye gunia na kuzitazama kiganjani, na nilipomwona akizitazama vile bila haraka, nusura nicheke.

"Shikamoo, Mzee Onesmo."

"Marahaba. Kilo ngapi?"

Nilimweleza kilichonileta. Alizirudisha punje guniani, akajipangusa mikono.

"Maganga alitambaa kwa sababu alikuwa anatafuta kasoro," alisema. "Mimi kasoro nilikuwa nayo tayari. Nilishaamua kukataa kabla ng'ombe hajaingia, nikawa nasubiri tu waniulize. Binti zangu wawili nilikuwa nimeshawaoza. Mtu aliyeoza binti anajua kwamba ukikataa, hukatai ng'ombe." Akafunga mdomo wa gunia. "Mwambie Maganga goti lake linamuuma kwa sababu ya kutambaa kule."

Mzee Maganga naye nilimkuta nyumbani kwake, pembeni ya mji, akishona kamba ya ngozi kando ya zizi. Suzana alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Nilipofikisha salamu za Onesmo, mzee aliguna.

"Yule alisimama kwa uvivu. Mimi nilitambaa kwa sababu mtu asiyetaka kutoa hutafuta sababu hata chini ya kwato. Nilikuwa kijana, sina mtoto. Niliona ni jambo la kuchekesha sana."

"Na leo ungechezaje, baba?"

Aliacha kushona. Alitazama mlangoni, pale ungo ulipokuwa ukipanda na kushuka mikononi mwa Suzana.

"Leo sijui," alisema. Kisha akanitupia ile kamba. "Chukua hii mkachezee. Ile yenu ya katani inaonekana kabisa kwamba haijawahi kufunga kitu."

Denis nilimpelekea yote niliyosikia. Alisikiliza huku akiizungusha kamba mikononi.

"Kumbe mmoja anatafuta, mwingine anasubiri," alisema. "Na mimi nafanya nini?"

"Hilo sikupata wa kunijibu."

Siku ya onyesho, baada ya misa ya mchana, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mzee Maganga aliketi safu ya mbele, mikono juu ya fimbo. Suzana alikuwa upande wa pili, kati ya kina mama. Mchumba akaingia na kamba. Nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Sasa tuone, anatambaa au hatambai?"

Denis aliipokea kamba. Hakutambaa, wala hakusimama tu kutazama. Alimsogelea ng'ombe, akampapasa shingo, akamfukuzia nzi. Kisha akamvuta mchumba pembeni, akamweleza kasoro sikioni, kwa mkono mdomoni, ng'ombe asije akasikia akaumia. Baada ya kila kasoro alirudi kumpapasa na kumtuliza. Kicheko kilianza taratibu, kikapanda, mpaka Mama Luka akawa anampiga jirani yake mgongoni. Mzee Maganga hakucheka. Alikuwa ameinama mbele.

Ndipo Denis akafanya jambo lisilokuwa kwenye mchezo. Alimgeukia Vumilia, aliyecheza binti, ambaye katika onyesho hilo kazi yake ni kukaa kwenye kigoda na kulia.

"Na wewe," akamuuliza, "unamwonaje?"

Vumilia hakuwa ameandikiwa neno lolote pale. Alinitazama mimi, akamtazama Denis, akamtazama mchumba toka kichwani mpaka miguuni.

"Baba," akasema, "ng'ombe mimi sijamwangalia."

Sijawahi kusikia ukumbi ule ukilipuka vile. Katikati ya vifijo nilimwona Mzee Maganga akigeuza kichwa polepole kuelekea upande wa kina mama.

"Uliyatoa wapi yale?" nilimuuliza Denis nyuma ya pazia.

Jasho lilikuwa likimtiririka. "Nilipoishika kamba ya Mzee Maganga nikakumbuka hakuna aliyemuuliza Suzana. Hata mimi, Dada. Tunaongea, tunacheka, lakini la ndoa nilimtuma Boaz kwa baba yake moja kwa moja." Akakaa juu ya kreti. "Sasa naogopa kuliko jana."

Kesho yake asubuhi nilirudisha kamba. Boaz alikuwa ameshafika, ameketi kwenye ukingo wa kiti kama washenga wote. Nilitaka kuondoka, Mzee Maganga akanizuia.

"Kaa. Wewe ndiye uliyeyaleta haya." Akaita, "Suzana! Njoo hapa."

Suzana akaja akifuta mikono kwa kanga.

"Huyu Denis," mzee akamwambia. "Wewe unamwonaje?"

Boaz akafungua mdomo, mzee akainua fimbo, naye akaufunga.

Suzana alisimama tu. Aliitazama ile kamba mikononi mwangu, akaitazama, mpaka tukaanza kuona aibu sisi.

"Anakohoa," alisema.

Boaz akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Lile vumbi la karasha," Suzana akaendelea. "Usiku mtu hawezi kulala, na bado anajiita mzima. Atafute kazi nyingine. Akishaipata, aje aniulize mwenyewe, kwa mdomo wake. Nitamjibu vizuri." Akarudi jikoni, hatua zake nyepesi kuliko alivyokuja.

Mzee Maganga alimtazama mpaka akaingia ndani. Kisha akachukua kamba yake, akaitundika kwenye mlango wa zizi.

"Umesikia kasoro," akamwambia Boaz. "Mpelekee. Na umwambie safari hii mimi sikutambaa."