Msalaba Kwenye Kadi ya Sabuni

Nianze na sikio, maana ndilo watu wa Kasongo walilolicheka kwanza. Kwenye kadi niliyoitengeneza mimi, Atumani mwana wa Bulaimu hana sikio la kushoto. Nililifunika kwa rangi nyeupe nilipokuwa nikihangaika na kola, na nilipojaribu kulirudisha likawa kama kipande cha muhogo kilichobandikwa kichwani, basi nikalifuta kabisa. Mkono wa kulia nao ni mfupi kuliko wa kushoto. Mistari ya jezi ya zamani inachungulia chini ya jezi mpya, kama doa lililokataa kutoka. Leo nayakubali yote hayo. Mwaka ule sikuyakubali, na ubaya wangu uko hapo.

Ulikuwa mwaka 1956. Mimi Octave, mtoto wa wakulima Wazimba wa nje ya mji, nilisoma kwa mafurere, mabruda wa misheni, na huko nikapata jina kwa kuchora. Kila Pasaka, kila ubatizo, walinipa karatasi nizijaze misalaba pembeni. Nilichora misalaba mia, pengine elfu. Watu na wanyama walinishinda, lakini nani angeniambia? Nilitoka pale nikijiona fundi, nikaajiriwa na Bwana Kostas, Mgiriki mwenye duka karibu na soko. Mbele aliuza vitambaa na chumvi, nyuma alikuwa na chumba cha kupigia picha, na uani mapipa ya kuchemshia sabuni ya mawese.

Kadi ni yeye aliyezibuni. Ndani ya karatasi ya kila kipande cha sabuni aliweka picha ndogo ya mchezaji wa mpira. Mji ukaingia wazimu. Watu wazima wenye wake na watoto walisimama sokoni wakibadilishana makipa kwa mabeki, na nguo za Kasongo hazijawahi kuwa safi kama mwaka ule. Kadi iliyongojewa kuliko zote ilikuwa ya Atumani, winga wa Hilali, timu ya mtaa wa Waislamu. Picha yake ilikuwa imekwisha kupigwa, ila Bwana Kostas aliiweka ya mwisho makusudi, watu wazidi kununua.

Kabla haijatoka, mgodi wa dhahabu wa Salamabila, upande wa Kabambare, ukampa Atumani kazi na nafasi katika timu yake. Bwana Kostas akataka picha nyingine, lakini yalikuwa majira ya mvua, barabara ilikuwa matope matupu, naye hakuwa mtu wa kusukuma gari. Akaniletea picha ile ile ya Hilali, akaniambia nimvalishe Atumani jezi ya mgodi. Mimi nilipaka rangi juu ya picha, naye akaipiga picha upya na kutoa nakala ndogo ndogo. Ndiyo kazi yenyewe.

Jezi ya Hilali ilifunga shingo. Ya mgodi ilikuwa nyeupe, yenye kola iliyoachwa wazi hadi kifuani, kwa hiyo ilinibidi nimchoree Atumani kifua. Shingoni alikuwa na kamba nyembamba iliyoshuka na kupotea ndani ya jezi. Kila mtu alijua ni hirizi aliyoshonewa na babake. Mimi pia nilijua. Nilipofika mwisho wa kamba nikakwama, maana hirizi sikuwahi kuchora maishani mwangu. Brashi ilikuwa na rangi, mkono ulikuwa na mazoea yake, nikachora msalaba.

Ulikuwa mdogo kama punje ya mchele, na ulitoka vizuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Katika uchafu ule wote msalaba peke yake ulitoka vizuri, una kivuli chake, una mng'ao wake, umelala kifuani kama kitu chenye uzito. Nikautazama, nikajipongeza, nikaendelea kuharibu sikio.

Kadi zilipotoka, mji ulicheka. Sokoni waliniuliza kama sikio nimelila kwa ugali au kwa wali. Mimi ni mtu wa hasira, na kiburi changu kinaizidi hasira. Siku ya pili nikaanza kusema kwamba ile si kazi yangu, kadi imetengenezwa Bukavu kwa mashine. Bwana Kostas alinisikia akanyamaza, kwa kuwa uongo huo ulimfaa na yeye. Watu wakaamini. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilinitosha kupotea.

Mtu mmoja hakucheka. Babake Atumani, Mzee Bulaimu, alikuwa fundi wa kudarizi kanzu, na hakuna mkono mjini uliomfikia. Mkewe, Mama Amisa, alinunua sabuni, akafungua karatasi uani, akamwona mwanawe, akampelekea mumewe huku anacheka kwa furaha. Watu wengine wote walikuwa wametazama jezi na sikio. Mzee alitazama shingo, kwa sababu shingo za watu ndiyo kazi yake. Akaitafuta hirizi aliyoishona mwenyewe, akakuta msalaba.

Hakuuliza mtu. Aliamua kwamba mwanawe amebatizwa huko mgodini na ameona haya kumwambia. Posa ya Atumani kwa binti aitwaye Feza ilikuwa imekwisha kukubaliwa, na harusi ilingojea Idi tu. Mzee akapeleka neno kwa kina Feza kwamba yeye hana mtoto wa kumwoza, na Atumani asikanyage tena nyumba yake.

Atumani alikuja na lori la mgodi, na ruhusa ya siku tatu. Alikwenda kwa babake na hirizi yake shingoni, lakini mzee alimjibu kutoka ndani, mlango umefungwa, kwamba hirizi huvaliwa na huvuliwa. Ndipo akaja dukani kwetu. Tulikuwa tumekua pamoja, nami nikimzidi miaka michache; aliniita yaya, kama kwetu mtu anavyomwita nduguye mkubwa.

“Yaya, enda umwambie baba kama ile ni rangi tu,” alisema. “Weye unafanya kazi hapa. Atakusikia.”

Ilitosha kusema ndiyo. Siku ile kile kioo ambacho kamera iliipiga picha ya kwanza juu yake kilikuwa bado ndani ya sanduku chumba cha nyuma, Atumani wa Hilali, shingo imefungwa, hana msalaba. Ningekibeba mkononi tukavuka soko pamoja, na mambo yakaisha kabla ya adhuhuri. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama watu watano sita, wale wale wa sikio na ugali, wakitutazama. Nikamwambia kwamba mambo ya Bukavu siyajui.

Alinitazama. Nadhani alijua. Akarudi Salamabila na lori lile lile.

Tangu hapo chakula kikanikataa. Nilizunguka na jambo hili wiki tatu, kila asubuhi nikijiambia leo, kila jioni nikijiambia kesho. Siku nilipojikaza hatimaye, niliingia chumba cha nyuma kuchukua kile kioo nikakuta sanduku tupu. Bwana Kostas alikuwa amevichemsha vioo vyote kwa magadi hadi picha zikatoka, akavitia kwenye dirisha jipya la duka. Nilisimama mbele ya lile dirisha nikikagua kioo baada ya kioo. Vyote vilikuwa safi, soko lote lilionekana upande wa pili.

Nilikwenda hivyo hivyo. Nilitia mfukoni brashi yangu na kichupa cha rangi, nikidhani vitanifaa kama mashahidi. Mzee Bulaimu alikuwa barazani, kanzu mapajani. Nilikaa kwenye mkeka, nikaeleza yote: jezi, kamba, mkono wangu na mazoea yake, na uongo wa Bukavu. Alinisikiliza bila kuinua macho kwenye sindano. Nilipomaliza akamwita mkewe, ambaye alileta kadi nyingine iliyotoka kwenye sabuni, ya kipa mmoja. Mzee akaiweka mbele yangu.

“Kama ni weye, mutilie na huyu musalaba,” alisema. “Hapa hapa. Nione.”

Sikuwahi kuombwa kazi rahisi kuliko hiyo. Nikachovya brashi. Msalaba wa kwanza ukawa kama nzi. Nikaufuta kwa kidole, nikajaribu tena, mguu wa msalaba ukaenda upande. Wa tatu ukawa doa. Mama Amisa alikuwa amesimama mlangoni ameshika upande wa kitenge chake, akiuombea mkono wangu kwa macho. Nilimwona, na hilo likazidi kunivuruga. Ile misalaba yote ya mafurere, hata mmoja haukuja kunisaidia siku ile.

Mzee alizichukua kadi mbili, akaziweka pamoja kwenye mwanga. Alikuwa na wanafunzi watatu wa kudarizi, na mji mzima ulijua kwamba ukimpa kanzu yoyote atakuambia ni nani kati yao aliyeishona, bila kuuliza. Alitazama vile vile, polepole, kwa haki.

“Haiko mukono mumoja,” alisema. “Ule aliandika musalaba wa Atumani ni fundi. Weye hapana. Weye ni rafiki yake, na rafiki muzuri, lakini mwambie asitume tena watu kunidanganya.”

Nikamwambia atazame sikio, atazame ule mkono mfupi, hizo zote ni kazi zangu. Akatazama. Kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

“Sikio, ndiyo,” alisema. “Sikio naamini ni yako.”

Akanirudishia brashi yangu mkononi kwa adabu, akaendelea na kanzu yake. Nilipotoka nilipita sokoni nikawaambia wote waliokuwapo kwamba kadi ile ni kazi yangu, Bukavu haihusiki. Walicheka, wakasema walijua tangu mwanzo. Nilikuwa nimemuuza Atumani ili kukwepa kicheko ambacho, kilipokuja, hakikuuma hata kidogo.

Feza aliolewa na mtu mwingine mwaka uliofuata. Baada ya miaka miwili nikapata barua kutoka Kabambare, yenye picha ya harusi ndani. Atumani alikuwa amebatizwa, jina lake sasa Roger, na kando yake alisimama mkewe Emilienne. Mwalimu wa dini wa parokia yetu alifurahi sana alipozipata habari hizo, akanishika mkono kanisani kama mtu aliyeshiriki kuleta mwana mpya. Mimi ni Mkristo, ilinipasa nifurahi naye. Niliona haya tu.

Barua ilikuwa fupi. Salamu nyingi, habari za mpira, kisha mstari mmoja: “Yaya, nilichoka kukana kitu watu wote walishaamini.”

Katika picha amevaa koti na shati jeupe, masikio yote mawili yapo, na kifuani pana msalaba mdogo. Nilichukua lenzi ya kazi, nikaipeleka picha dirishani, nikautazama ule msalaba kwa muda mrefu nikitafuta alama ya brashi. Haikuwapo.