Kombe Linalofungukia Kushoto

Mama ananiita Kiguu, kwa kuwa mimi ni kiguu na njia, na siwezi kumbishia. Chai nainywa nikitembea kutoka jikoni hadi barazani. Ugeni kwa watu siumalizi, nikikaa dakika tano miguu inaanza kuwasha. Cherehani peke yake ndiyo inayonikalisha, na hata hapo mguu unakanyaga.

Ila njia yenyewe ni moja tu. Kila asubuhi, maji yakishatoka, nashuka ufukweni na kikapu, napita wanaopanga viti vya wageni, napita wanaokokota mwani kwa reki, mpaka kwenye jiwe kubwa lililoinama kama mtu anayefua. Nalizunguka jiwe hilo nimeinama. Naokota makombe, nayageuza moja moja, nayatupa. Wapanga viti wamenizoea. "Kiguu, leo limo?" wananiuliza. Nawaambia wapange viti vyao waniache. Nimefanya hivyo miaka thelathini na moja.

Ukitaka kujua nilichokuwa natafuta, shika kombe lolote la konokono wa bahari, lile lililojisokota. Ncha iwe juu, mdomo ukuangalie wewe. Utaona mdomo umefungukia upande wako wa kulia. Shika la pili, la mia, la elfu, ni kulia tu. Lakini mara chache mno huzaliwa konokono aliyesokotwa kinyume, na kombe lake likafungukia kushoto. Wapenzi wa makombe wanaweza kutembea fukwe maisha yao yote wasilione. Mama alikuwa nalo, mimi nikalipoteza. Ndivyo ilivyosemwa nyumbani kwetu, na ndivyo nilivyokuwa najua.

Baba alikuwa mpiga picha, mwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya posta. Mama yeye alikuwa na wazimu wa makombe. Nyumba nzima ilijaa: dirishani, juu ya kabati, ndani ya viatu. Siku moja Baba alimkuta ufukweni, upepo unapiga kitenge, akamwambia, "Hebu shika moja, nikupige." Mama akachomoa moja kwenye kikapu, akaliinua karibu na shavu, akacheka. Picha ikatoka nzuri hadi Baba akaiweka kwenye kioo cha dirisha la studio.

Wiki ya pili akapita bwana mmoja wa makumbusho, aliyekuja kisiwani kwa kazi zake. Akasimama pale kwenye kioo, akavua miwani, akaivaa tena. Akaingia ndani akihema. Kombe lile kwenye picha linafungukia kushoto, alisema, na angerudi Ijumaa kulichukua likae kwenye kabati la makumbusho, na chini yake kiandikwe kibao chenye jina la Mama, kwamba ndiye aliyeliokota.

Jamani, Mama! Hajawahi kuandikwa jina mahali popote isipokuwa kwenye kadi ya kliniki. Walirudi nyumbani mbio, wakapindua kila kitu. Kombe moja baada ya lingine: ncha juu, mdomo mbele, kulia, tupa. Kulia, tupa. Mlango ulikuwa unagongwa na upepo, Baba akaokota kubwa mojawapo kati ya yaliyotupwa akauzuia, wakaendelea. Kufika alasiri sakafu haikanyagiki, na la kushoto halimo.

Basi akageukiwa mtoto. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nachezea makombe, hilo sikatai. "Umelipeleka wapi?" Nikasema sijui. Mama alikuwa na mwiko mkononi. Baada ya mwiko wa pili nikasema nimelitupa baharini. "Wapi?" Nikanyoosha kidole dirishani. Pale dirishani lilionekana lile jiwe, kwa hiyo nikaonyesha jiwe.

Bwana wa makumbusho alikuja Ijumaa akaondoka mikono mitupu. Mama hakunipiga tena. Afadhali angenipiga. Tangu siku hiyo, kila nikitaka jambo, iwe gauni la sikukuu au ruhusa ya kwenda kwa shangazi, alikuwa ananitazama tu halafu anasema, "Na kombe langu?" Nikiwa na miaka tisa nikala kiapo: sitoki kisiwani mpaka nilipate. Baba akafa, mimi nikawa fundi cherehani, nikaposwa nikaachwa, kwa sababu mwanamume wa watu alitaka tukaishi ng'ambo na mimi nikamwambia asubiri. Asubiri nini? Hata kumweleza nilishindwa. Kazi mbili za ng'ambo nazo nilizikataa hivyohivyo.

Mwaka huu ikaja ya tatu. Chuo cha ufundi kilitaka mwalimu wa ushonaji, kazi inaanza Jumatatu, na boti ni Jumamosi. Barua niliisoma mpaka ikalegea kwenye mikunjo. Nilijua fika kwamba nikiikataa hii sitaletewa nyingine. Nina miaka thelathini na tisa, macho yameanza kukataa uzi.

"Nenda," Mama alisema, shingo upande. Kisha, akichambua mchele bila kuniangalia, "Na kombe langu?"

Damu ilinichemka nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara nne. Jirani akaniuliza kama nimepoteza kuku.

Jumatano nikapiga moyo konde. Nikamwambia Mama naenda, na nataka picha yake nikaitundike chumbani kwangu huko. Ile ya ukutani imeshaliwa na chumvi pembeni, basi nitafute filamu yake nikachape nyingine. Hapo alilainika kidogo. Ile picha anaipenda kuliko zote. Nyingine zote anasema zimemkosea, hata ya kitambulisho, lakini ile, "hapo ndipo nilipotoka kama nilivyo." Vitu vya Baba vya kazi viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Filamu zake zote zilikuwa kwenye bahasha zilizoandikwa tarehe. Hiyo moja ilikuwa kwenye kikopo peke yake, haina maandishi.

Studio sasa ni ya Fundi Picha, aliyejifunza kazi kwa Baba. Alhamisi akanikabidhi picha mpya, safi, kubwa kama daftari. Nikamletea Mama barazani. Aliitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu nani?"

"Mama! Huyu ni wewe."

"Huyu si mimi. Baka langu limehama. Tazama, liko shavu la pili. Na mdomo umekwenda upande kama mtu anayeumwa jino. Rudisha, mwambie huyo fundi wako anichape upya."

"Mama, picha ni ileile."

"Wewe mwenyewe tazama ya ukutani!"

Nikatazama ya ukutani. Kweli, baka lilikuwa upande mwingine. Nikachukua picha, nikaenda studio kwa hasira zote za wiki ile, maana angalau nilikuwa nimempata wa kumfokea.

Fundi Picha aliniacha nimalize. Kisha akaiweka filamu juu ya kioo cha taa na kuniita nisogee.

"Dada yangu, filamu ina sura mbili. Upande huu unang'aa, huu umefifia. Ukiiweka kwenye mashine kinyume, picha inatoka imegeuzwa, kulia inakuwa kushoto. Utajua vipi? Tazama namba hizi pembeni. Zikisomeka sawa, umeiweka sawa. Mimi nimeiweka sawa. Aliyeikosea ni Mzee, ile ya ukutani. Kosa dogo, kila mpiga picha limempata."

"Kwa hiyo baka…"

"Baka la Mama yako liko shavu gani?"

Nikamwaza Mama akinitazama na mchele mapajani. Liko upande uleule wa picha mpya. Miaka yote namwona uso kwa uso na picha iko ukutani juu ya kichwa chake, na sikuwahi kulinganisha! Na yeye hajijui ila kwa kioo, na kioo ndivyo kinavyogeuza. Ndiyo maana picha iliyokosewa ndiyo pekee aliyoiona imepatia.

Nilikuwa karibu kucheka. Kisha macho yakashuka kutoka shavuni hadi mkononi mwake.

Kombe lilikuwa linafungukia kulia.

Nilikaa chini. Mimi, Kiguu, nilikaa kwenye kiti cha wateja, chenye pazia la bluu nyuma yake, na sikuinuka hadi Fundi Picha akaniletea maji. Nikamuuliza kama Baba alijua.

"Nilikuwa naosha sahani za dawa tu wakati huo," alisema. "Lakini Mama yako alipoomba nakala, Mzee alisema ipo siku. Kila mara, ipo siku. Mimi sijui, dada. Usinitie maneno mdomoni."

Halikuwahi kuwako la kushoto. Walikuwa na kombe kama makombe mengine, wakalishika mkononi siku ile, wakaona linafungukia kulia, wakalitupa sakafuni na kuendelea kulitafuta. Nami nikapigwa mwiko kwa kitu ambacho hakijapata kuzaliwa.

Nilitazama picha tena, sasa kwa jicho la fundi. Ukingo wa mdomo wa kombe ulikuwa na pengo, kama jino lililong'oka. Pengo hilo nalijua. Kidole changu kikubwa cha mguu kinalijua zaidi, kwa sababu kimejigonga hapo tangu nikiwa mtoto.

Nilirudi nyumbani sikumbuki nimepita wapi. Mama alikuwa palepale barazani. Nikainama mlangoni nikaliokota lile kombe la kuzuia mlango, lililochakaa, lililolala kifudifudi siku zote. Mlango ukajibamiza nyuma yangu, puu! Mama akashtuka.

"Una nini wewe leo?"

Nikaweka kombe mapajani mwake, na picha mpya, na ile ya ukutani niliyoitungua na msumari wake. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaruka huku na huku, sauti ikanipanda, nikasema namba, nikasema filamu, nikasema Baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akapima pengo la kombe kwa ukucha, akapima pengo la kwenye picha. Halafu akainuka, akaingia chumbani, nami nikamfuata.

Alisimama mbele ya kioo cha kabati. Akaliinua kombe karibu na shavu, kama siku ile, mdomo wake ukielekea kioo. Ndani ya kioo alikuwamo mwanamke mzee, baka lake upande anaoupenda, ameshika kombe linalofungukia kushoto.

Akaligeuza akaliangalia mkononi: kulia. Akaangalia kiooni: kushoto. Mara tatu.

"Kumbe lilikuwa mlangoni," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulisema umelitupa."

"Nilikuwa na miaka minane. Ulikuwa umeshika mwiko."

Akakaa kitandani. Nilitaka aombe msamaha, sitaficha. Nilitaka nimwone analia, na nilimwonea huruma hapohapo, vyote viwili kwa pamoja, sikujua mikono niiweke wapi. Yeye alikuwa anaondoa mchanga ndani ya kombe kwa kidole, mchanga wa mlangoni.

"Basi ulitupa nini?"

"Sikutupa kitu."

Nilipolisema hilo ndipo nilipogutuka. Kwa sababu naikumbuka siku hiyo. Nakumbuka nimesimama juu ya jiwe, jua usoni, mkono unakwenda nyuma. Nakumbuka uzito wake. Nakumbuka chubwi! na duara zikipanuka majini. Nimeisikia chubwi hiyo kila asubuhi miaka thelathini na moja, na haikuwahi kutokea.

"Sikutupa kitu, Mama," nikarudia, na sasa ni mimi niliyekuwa nalia.

Hakusema pole. Si mtu wa pole. Alinivuta nikakaa, akanishika goti kwa nguvu, lile goti ambalo halitulii, na lilipotaka kuanza kucheza akalikandamiza.

Ijumaa asubuhi maji yalipotoka, miguu ilinitoa kitandani yenyewe. Nilifika barazani nikakuta kikapu hakipo. Nikamwona Mama kule chini, kwenye jiwe, gauni limelowa hadi magotini. Hakuwa ameinama. Alikuwa amesimama tu, analitazama lile jiwe. Sikumfuata. Niliketi nikanywa chai yangu yote, ikiwa bado ya moto.

Jumamosi niliaga. Mizigo ilikuwa mitatu: begi, cherehani, na boksi la vitambaa. Kombe Mama alikuwa amelifunga kwenye kanga akalitia mwenyewe ndani ya begi langu, chini ya picha mpya, ile ambayo anasema si yeye.

Upepo ulikuwa mkali. Nilipobeba cherehani, mlango ukaanza kurudi kunibana, hauna tena cha kuuzuia. Mama akavua kandambili, akauweka mguu wake pale lilipokuwa linakaa kombe, akaugandamiza mlango ukutani.

"Pita," alisema.

Nikapita mara tatu, na mzigo wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Mara zote tatu alikuwa amesimama vilevile, mguu wake mlangoni, na hakuniuliza kitu.