Fundo la Taratibu

Jumanne saa tatu asubuhi mjane alifika maabara ya udongo na mfuko wa udongo, kilo moja, uliochotwa pembe nne za shamba na katikati, kama masharti yanavyotaka. Kila mkulima hufunga mfuko wake kwa uzi, kwa fundo lake mwenyewe, ili mtaalamu akiufungua pasiwe na ubishi udongo ni wa nani. Kisha huandikiwa barua ya aina ya stroberi inayoufaa udongo huo.

Marehemu mumewe, ambaye watu walimwita Taratibu kwa kuwa hata chafya hakuipiga kwa haraka, aliwahi kuleta udongo wa shamba hilohilo. Barua ikamwambia apande Aina ya Saba. Akapanda. Aina ya Saba ni stroberi ya milimani, inataka usiku wa baridi na udongo wenye uchachu kidogo, na shamba lao liko bondeni, kwenye joto na chokaa. Majani yakawa ya njano, vikonyo, yale mashina membamba yanayotoa miche, vikatambaa huku na huku, tunda hakuna. Akang'oa, akapanda tena, yakawa yaleyale. Alisema mkono wake ndio mbaya, akasema hivyo mpaka siku aliyokata roho.

Chama kinachogawa mashamba kina sheria yake: misimu mitatu bila mavuno, shamba anapewa mwingine. Ulibaki msimu mmoja.

"Weka stoo, mama, rafu ya mwisho," karani alisema bila kuinua kichwa. "Angalia usikanyage matunda."

Stoo haikuwa na dirisha wala bomba. Mifuko ya miaka yote ilikuwa imepangwa kwenye rafu, na kila mmoja ulikuwa umeota stroberi, mashina yakipenya karatasi bila kuichana. Udongo wa mlimani ulizaa kubwa za rangi hafifu, wa kichanga ulizaa ndefu zenye ncha. Mjane alipita akisoma majina, kwa sababu alikuwa na haja ya nafasi ya kuweka mfuko wake.

Rafu ya tatu akakuta jina la mumewe. Stroberi zake zilikuwa ndogo, nyekundu ya kukaribia weusi, tele mpaka zimeinamia chini. Shingoni mwa mfuko palikuwa na fundo la Taratibu, mizunguko miwili na mkia uliochomekwa ndani, lile alilofungia magunia na viatu, ambalo halifunguki ila kwa meno. Walikuwa wamegombana juu ya fundo hilo miaka thelathini. Halikuwa limeguswa.

Alitazama mafundo ya majirani. Nayo yalikuwa mazima.

Akarudi kwa karani. "Mwanangu, mbona hii mifuko haijafunguliwa?"

"Haifunguliwi, mama. Kitaluni tuna miche ya Aina ya Saba tu. Tungeandika nini kingine?"

"Mume wangu amekufa akijilaumu."

"Pole sana, mama," karani alisema, na alimaanisha, maana hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuuma mjane zaidi.

Bwana shamba mkuu alipita na sahani, akaingia stoo, akatoka anatafuna. Alikuwa na wageni. "Hizi za rafu ya tatu ndizo zenye sukari," alisema.

"Naomba vikonyo vya mfuko wa mume wangu nikapande," mjane akamwambia. "Ni udongo wetu."

"Hiyo ni sampuli, mama. Sampuli ni mali ya ofisi, haitoki."

Barua yake ilikuwa imeshapigwa muhuri: Aina ya Saba. Aliikunja akaitia kifuani. Kisha akarudi stoo, akafungua uzi wa mfuko wake, akaufunga upya, mizunguko miwili na mkia ndani, akauweka kando ya ule wa mumewe.

Msimu ukaisha bila mavuno, shamba likapewa mtu mwingine. Naye alileta udongo wake, kilo moja, pembe nne na katikati. Karani alimwelekeza stoo, akamwambia aangalie asikanyage, kwa kuwa ile mifuko miwili ya rafu ya tatu ilikuwa imezaa mpaka sakafuni.